Mazingaombwe kwa Watu Watatu

Miaka ile ya vita nilikuwa nauza vipuri vya magari mtaa wa Buyenzi, hapa Bujumbura, katika duka la mjomba wangu, na siku za Idi au Jumamosi nilikuwa nafanya mazingaombwe kwa watoto. Nilifundishwa na Mkongo mmoja wa Uvira aliyewahi kupanga chumba kwetu nilipokuwa kijana. Mjomba hakuipenda kazi hiyo. Mama aliikubali kwa sharti moja: kila ninapoanza, nitangaze mbele ya watu kwamba hapa hakuna jini wala dawa, ni mikono tu. Nilitangaza kila mara, na watoto hawakunisikiliza hata siku moja. Walitaka jini.

Vifaa vyangu viliingia katika sanduku moja la mbao. Kulikuwa na vipira vya sponji vilivyokatwa kwenye godoro kuukuu, ambavyo mke wangu alivichovya katika rangi nyekundu ya nguo. Kulikuwa na kamba nyeupe ya pamba, maputo, sindano ndefu, na mkebe wa bati wenye kitako cha uongo. Mkebe huo alinitengenezea kaka yangu, ambaye alikuwa fundi wa magari mtaa wa pili kutoka dukani kwetu.

Kaka yangu alipanda juu milimani na gari siku moja, yeye na dereva, kwenda kuvuta lori lililokuwa limeharibika njiani. Lori halikurudi, gari halikurudi, nao hawakurudi. Hakuna aliyetuletea maiti wala habari. Watu wa mtaa walipokuja kuuliza kama khitma itasomwa, mama aliwaambia kwamba haisomwi khitma ya mtu ambaye hajafa. Wakarudi makwao. Kwa hiyo hatukulia, na hata kungoja sidhani kama tulikuwa tunangoja. Tulikaa tu. Mimi nilikwenda dukani asubuhi, nikarudi jioni, nikala nilichowekewa. Mke wangu alisema nimekuwa kama mtu anayesikiliza redio iliyo chumba kingine.

Katika hali hiyo ndipo mteja mmoja wa mjomba, mfanyabiashara wa vitambaa wa mtaa wa Asiatique, aliponiomba nifanye mazingaombwe nyumbani kwake. Binti yake alikuwa anatimiza miaka saba, na wangealikwa watoto wa shule yake. Nilikubali kwa sababu kukataa kungenilazimu nieleze.

Wiki ya sherehe ile mji ulifungwa. Tulikuwa tumezoea siku hizo, tukiziita kwa Kifaransa chetu cha mtaani vili moti, mji uliokufa: vijana wanaweka mawe barabarani, maduka yanafungwa, mtu anakaa ndani mpaka wenyewe wachoke. Kufikia Jumamosi mawe yalikuwa yamesukumwa pembeni. Nilifunga sanduku nyuma ya baiskeli, nikaisukuma nikienda kwa miguu, maana vipande vya chupa vilikuwa vingi njiani. Kwenye kona ya kuingilia Asiatique askari mmoja alinisimamisha, akafungua sanduku. Alinyanyua puto kwa ncha za vidole viwili, akaliangalia, akalirudisha. Akaniashiria nipite.

Geti lilifunguliwa na zamu, yaani mlinzi, kijana mrefu aliyevaa koti la mvua wakati mvua haikuwepo. Alinitazama mimi, akatazama sanduku, akasema hakuna watoto. Nilidhani nimekosea saa. Mpishi alitoka jikoni akifuta mikono, mtu mzima mwenye mvi chache, naye akanieleza vizuri zaidi. Nafasi za ndege zilikuwa zimepatikana ghafla juzi yake, na mama wa nyumba alikuwa ameondoka na watoto wote. Bwana alikuwa huko Quartier Industriel, mtaa wa viwanda, anahamisha mali yake kutoka ghala moja kwenda jingine. Katika haraka ile hakuna aliyenikumbuka. Mpishi alinipa pole kana kwamba yeye ndiye aliyenisahau.

Nikageuza baiskeli. Sikuona uchungu wala nafuu.

Sauti ya mwanamke ikatoka barazani. "Nani huyo?"

"Ni mutu wa mazingaombwe, bibi," mpishi akajibu. "Alikuja kwa ajili ya watoto."

"Keki imeokwa," sauti ikasema. "Viti vimepangwa. Naye amekuja. Sasa arudi kwa nini? Aingie."

Alikuwa mama yake yule mfanyabiashara, mzee sana, mwembamba, amejifunga mtandio mweupe. Alikuwa ameletwa Bujumbura akiwa bibi harusi, na mume wake amezikwa papa hapa, na walipomwambia kuhusu ndege alikataa. Macho yake yalikuwa na utando. Baadaye aliniambia kwamba alichobaki nacho ni mwanga na kivuli tu: akijua dirisha liko wapi na mtu amesimama wapi, basi.

Sebuleni walikuwa wamepanga viti vidogo vya shule kwa mistari, na ukutani wametundika minyororo ya karatasi za rangi. Keki ilikuwa mezani, imefunikwa kwa kitambaa cha kuzuia nzi. Bibi akaketi kwenye kochi lake, akaamuru mpishi aketi, na zamu aitwe. Zamu alisema hawezi kuacha geti. Bibi akasema geti limefungwa na leo hakuna anayekuja. "Mutu hafanyi mazingaombwe mbele ya kipofu mumoja," akasema. "Ketini."

Wakaketi. Mpishi alikaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango wa jikoni, magoti yakimfika kifuani kwa udogo wa kiti. Zamu alikaa upande wa pili kabisa, rungu katikati ya miguu. Viti vyote vya kati vikabaki vitupu, na hakuna aliyemwangalia mwenzake. Siku ile sikujua kitu juu yao. Mpishi ndiye aliyenieleza wiki nyingi baadaye, tena kwa maneno machache: mtaa wake wa kaskazini ulikuwa umetolewa watu wote na nyumba yake kuchomwa, ndiyo maana alikuwa analala nyuma ya jiko, na zamu alikuwa ametoka kwenye mlima, yaani kijiji cha huko juu, ambako watu wa kwao waliuawa miezi ile ya kwanza kabisa ya vita, na waliobaki walikuwa katika kambi ya waliokimbia. Mmoja wa upande huu wa vita, mmoja wa upande ule. Walikuwa wanafanya kazi katika ua mmoja kwa mwaka mzima na zaidi, na yaliyopita kati yao yalikuwa ni funguo na ndoo za maji.

Mchezo wangu ulikuwa unaanza kwa kelele. Nawauliza watoto kama wako tayari, wanapiga kelele, nasema sijasikia, wanapiga zaidi. Nilianza hivyo hivyo, kwa sauti ile ile ninayoitumia kwa watoto, na katika chumba kile ikasikika kama sauti ya mtu mwingine. Mpishi aliinamisha kichwa kwa heshima. Nikaacha katikati. Nikasema yale ya mama, kwamba hapa hakuna jini wala dawa, ni mikono tu, na kwa mara ya kwanza nikaona watu wanayasikiliza. Mpishi alishusha mabega. Kumbe alikuwa anaogopa.

Kisha nikapuliza puto. Mchezo wenyewe ni kwamba sindano inapita katikati ya puto na puto halipasuki. Halafu, watoto wakishaamini, nalipasua kwa makusudi, nao wanaruka na kucheka. Nilikuwa nimeshika sindano tayari nilipomwona zamu. Alikuwa amelikazia puto macho, na mkono wake umehama kutoka kwenye rungu kwenda kwenye ukingo wa kiti. Kwa mbali, upande wa kaskazini, milio ya risasi ya kawaida ya wiki ile ilikuwa inaendelea, mmoja, kimya, miwili. Nikaliacha puto litoe hewa polepole kati ya vidole vyangu.

"Nini hiyo inapumua?" bibi akauliza.

Nikamwambia ni puto. Akauliza mbona nimeliacha. Nikasema mwisho wake lina kelele.

"Basi liweke," akasema.

Nikaliweka, nikatoa mkebe. Katika mchezo wa mkebe naomba kitu kwa mtoto, pipi au kitambaa cha mkono, nakitia ndani, nafunika, nafunua, hakipo. Watoto wanapiga makelele, namtazama mwenye pipi kwa huzuni, halafu pipi inatokea mfukoni mwa mwingine. Nilimsogelea mpishi, nikamwomba kitu chochote kidogo.

Alifikiri. Akatia mkono mfukoni, akautoa mtupu. "Apana," akasema kwa upole. "Unisamehe. Mi sitatoa kitu kipotee."

Nilisimama mbele yake na mkebe wangu. Nilikuwa nimefanya mchezo ule miaka yote na sikuwahi kuona kwamba umejengwa juu ya jambo moja: anayetoa pipi anajua itarudi. Vyangu vyote vilikuwa hivyo. Yai linapotea, kitambaa kinapotea, kipira kinapotea. Ningependa kusema kwamba wazo hilo liliniuma, lakini halikuniuma. Liliingia likakaa, kama mengine yote ya siku hizo. Nikarudisha mkebe sandukuni, na baada ya hapo sikuwa na cha kufanya. Nilikuwa nangoja bibi aniambie niende.

Badala yake alinyoosha mikono yote miwili mbele yake, viganja juu. "Macho yangu hayaoni," akasema, "lakini mikono inasikia. Nipe hapa."

Nikapiga magoti mbele ya kochi. Vipira vya sponji kwa kawaida huvionyesha hewani: kimoja huku, kimoja kule, macho ya watoto yanakimbia nyuma ya mkono usio na kitu. Kwa bibi ilibidi nipange upya palepale, kwa sababu kumdanganya macho hakukuwa na maana. Nikaweka kipira kimoja kiganjani mwake, nikamwacha akikamue mpaka akijue. Nikakichukua. Nikabana viwili vikawa kama kimoja, nikavitia katika kiganja kile kile, nikamfunga vidole upesi, nikamwambia ashike kwa nguvu. Nikaongea, ila kwa sauti ya chini, kama unavyoongea na mtu mkiwa wawili. Nikampuliza kwenye kifundo cha mkono, nikamwambia afungue taratibu.

Alipofungua, vipira viliruka kwa kutanuka. Hakucheka. Alivipapasa kimoja kimoja, akavipeleka puani, akavinusa.

"Zimezaa," akasema.

Nyuma yangu kiti kilisogea. Mpishi alikuwa amesimama, amekuja kutazama mkono wa bibi yake. Bibi akaniambia nifanye tena, na mara ya pili niliona kivuli kingine sakafuni. Zamu naye alikuwa amekuja, rungu ameliacha kwenye kiti. Nikafanya tena. Vikawa vitatu. Mpishi akaomba naye ajaribu, nikamfanyia yeye, akafungua mkono akatoa sauti ndogo ya puani, ndiyo iliyokuwa kicheko chake.

Nilipovikusanya, bibi alinishika mkono akautuliza katikati ya mikono yake.

"Mikono yako baridi," akasema. "Umefiwa?"

"Sijui, bibi."

"Hujui?"

"Kaka yangu alipanda juu na gari. Hakurudi. Hatujui."

Alibaki amenishika. Hakusema lile neno tunalolisema mtu akifa, kwamba sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea, na nilimshukuru kwa kutolisema. Wala hakuniambia nitumaini. Wanaume wale wawili walikuwa wamesimama juu yangu.

"Fanya tena," bibi akasema. Nikafanya tena.

Wa mwisho ulikuwa mchezo wa kamba. Kwa watoto naikata kwa mkasi na kuiunga. Siku ile sikutoa mkasi. Nilifunga kamba mafundo, moja baada ya jingine, ya aina ile inayoonekana kuwa ngumu na kumbe si fundo, nikampa mpishi ncha moja na zamu ncha nyingine. Sikuwa nimepanga chochote. Walikuwa ndio watu wazima waliokuwepo wenye macho. Nikamwambia bibi asimame, apapase mafundo ayajue. Kisha nikawaambia wavute.

Kamba ilimponyoka mpishi kidogo.

"Shika vizuri," zamu akasema.

"Nimeshika," mpishi akajibu.

Wakavuta, mafundo yakaisha. Bibi alianzia kwenye mkono wa mpishi, akaifuata kamba kwa vidole polepole akitafuta fundo, mpaka akafika kwenye mkono wa zamu na kuugusa. Akarudi tena alikotoka. Wale wawili walisimama wameivuta kamba muda wote huo, wakimtazama yeye. Aliporidhika alisema waachie. Wakaachia, kamba ikaanguka, kila mmoja akarudi kwenye kiti chake.

Mpishi akakata keki. Ilikuwa imeanza kukauka pembeni, tukaila na chai. Bibi aliuliza jina la binti limeandikwaje juu ya keki, mpishi akamweleza rangi ya kila herufi. Niliondoka mapema kwa sababu ya amri ya kutotembea jioni.

Nyumbani mke wangu aliuliza watoto walikuwa wangapi. Nikamwambia hawakuwepo. Akauliza basi nimemfanyia nani, nikamweleza: bibi mmoja haoni, mpishi, na zamu. Akakaa akinisikiliza mpaka mwisho. Akasema nimeongea maneno mengi kuliko mwezi mzima. Kisha akaleta chakula tukala.

Baada ya hapo bibi alikuwa akimtuma mpishi dukani kuniita. Nilikwenda mara nyingi mchana wa Alhamisi, mjomba akinung'unika. Sikuchukua tena sanduku, nilitia vipira mfukoni tu. Mara ya tatu au ya nne alisema hataki kufanyiwa, anataka kufundishwa. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, na kubana vipira viwili vikawa kimoja kulimchosha. Alijaribu miezi. Siku moja akaniambia nitoe mkono, akanitilia kipira, na kingine nilikiona waziwazi kimechomoza kati ya vidole vyake, chekundu kabisa. Akanifunga mkono, akanipuliza, akaniambia nifungue.

"Vingapi?"

"Viwili, bibi."

"Umeona nilivyofanya?"

Nikamwambia nimeona. Akasema vizuri, kama ningemdanganya angejua. Akaanza upya.

Katika moja ya safari hizo za kuniita, mpishi aliniambia kwamba siku hizi yeye na zamu wanapika katika sufuria moja. Nilimtazama. Akasema si kwa sababu ya kamba, nisije nikafikiri hivyo. Makaa yalikuwa yameadimika, na kuwasha majiko mawili ilikuwa upumbavu. Wanakula pamoja, hawaongei sana. Akaniambia hivyo kama mtu anayenitajia bei.

Kuhusu kaka yangu, asubuhi moja baada ya mvua mama alitoka chumbani akasema niwaite watu. Hakueleza kilichombadilisha, na hakuna habari mpya iliyokuwa imekuja. Khitma ikasomwa. Mimi nilikuwa nimeshika birika, nawamiminia wageni maji ya kunawa, na nilifikiri kwamba sasa huzuni itanijia. Haikunijia siku hiyo. Ilinijia miaka mingi baadaye, mahali pasipohusika, nami nimelia vya kutosha, lakini hayo ni mambo ya wakati mwingine wa maisha yangu.

Mwishowe yule mfanyabiashara aliuza nyumba. Mama yake hakuwa na pa kubaki, akakubali ndege. Siku ya kuondoka niliitwa tena, nikakuta masanduku yamejaa garini. Mwanawe hakuwa na muda na mtu yeyote. Bibi alikuwa ameketi kiti cha nyuma, akamwambia mwanawe huyu ni mgeni wangu, apande, anisindikize mpaka sokoni. Nikabanwa kati yake na sanduku. Njiani aliuliza tu tumepita wapi, nami nikamtajia: msikiti, duka la baiskeli, kituo cha mafuta kilichofungwa. Alitikisa kichwa kwa kila kimoja.

Karibu na soko gari likasimama. Nikamuaga, akanijibu, mlango ukafungwa wakaenda uwanja wa ndege. Nilitembea mpaka dukani. Mjomba alikuwa amekwenda kuswali, na mteja mmoja alikuwa amesimama mlangoni na mkanda wa feni uliokatika, anataka wa kipimo hicho hicho. Nikaupima na ile iliyokuwa imetundikwa ukutani mpaka nikapata unaolingana nao, nikamkabidhi.